Baba, Uliniuliza Kama Nimebaki na Kamba

Ishiara,
Jumapili jioni.

Baba yangu mpenzi,

Assalamu alaykum, na shikamoo ya mikono miwili. Naamini karatasi hii inakukuta umekaa pale nje ya buchari, duka lako la nyama, miwani imeteremka puani, na goti lako la kushoto halijaanza kesi yake na baridi ya Meru. Mama hajambo? Na presha yake? Mwambie zile dawa si peremende, hazimezwi siku anayojisikia tu. Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Mengine soma mwenyewe uone.

Najua umeshika karatasi hii na unamuuliza Mama, "Huyu simu yake imepotea?" Haijapotea, Baba. Ila wewe ukishika simu unapiga kelele kama unamwita mteja aliye ng'ambo ya barabara. Unaniuliza, "Umekula?" Nikisema nimekula unasema, "Haya, ongea na mama yako." Miaka nenda miaka rudi ni hivyo. Na hili nililo nalo leo haliwezi kuingia hapo katikati. Kwa hiyo nimeandika, na kesho nitampa dereva anayepita Nkubu amwachie Shangazi pale sokoni kwenye ndizi zake, naye atakufikishia. Mwambie asiifungue. Ninamjua Shangazi.

Ni habari ya baiskeli.

Siku ile nilipokupigia nikakwambia nimeiuza, hukunigombeza. Nilikuwa nimejitayarisha kugombezwa, nina majibu yangu yamepangwa mstari. Uliuliza kitu kimoja tu: "Kamba umebaki nayo?" Mimi nikasema, "Kamba gani, Baba?" Kisha ukasema, "Haya, ongea na mama yako." Mama akaja, akaniambia habari za harusi ya jirani, na sikusikia hata neno moja alilosema.

Lakini wacha nianze nilikoanzia, usije ukadhani binti yako aliamka tu asubuhi akauza kitu cha babake.

Huku Ishiara jua halina adabu. Mimi nimezoea kwetu, mtu anaamka anatafuta sweta kabla ya kutafuta viatu. Huku saa tatu asubuhi wanafunzi wamekwisha kuloa jasho, nami nawafundisha ngeli za Kiswahili huku chaki inanitelezea mkononi. Watu si wabaya. Wamenipokea vizuri, Mungu awabariki. Lakini acha nikwambie jambo ambalo sijamwambia Mama, maana Mama atalia na presha itapanda. Niko mpweke, Baba. Mpweke hadi nyumba inanisikia. Ijumaa mchana walimu wenzangu wanapakia mifuko yao, mmoja Runyenjes, mwingine Embu mjini, na ile ploti ya vyumba vya kupanga inabaki mimi na paka ambaye hata si wangu. Kimbeere chao nakisikia nusu, kwa sababu ya Kimeru cha Mama, na nusu nyingine inanipita. Wakicheka, mimi nacheka nikiwa nimechelewa. Ramadhani iliyopita nilifuturu peke yangu mwezi mzima, mimi, tende alizonitumia Mama, na redio. Na jina langu huku halitumiki. Mimi ni Madam. Madam asubuhi, Madam jioni. Siku moja nilijiita mwenyewe kwa sauti, "Sauda, chai inapoa," ili tu nilisikie.

Kitu kilichokuwa kinanisaidia ni ile baiskeli yako, bleki mamba. Sikulijua hilo wakati ule.

Unakumbuka ulivyoitengeneza nilipopata nafasi ya chuo kule Nchiru. Uling'oa sanduku la nyama kwenye keria, kile kibebeo cha nyuma. Ule wavu wa waya uliokuwa unazuia nzi uliukata, ukaufanya kinga ya gurudumu la nyuma, buibui langu lisinaswe na spoki. Kamba ukaiacha pale pale kwenye keria, ule mpira wa tyubu uliousuka kama nywele, uliofungia sanduku tangu sijazaliwa. Nchiru walinicheka mpaka basi. Mvua ikinyesha baiskeli ilinuka nyama, na mbwa wa mahosteli walinifuata kana kwamba mimi ndiye mwenye kuwalisha. Sikujali. Nilikuwa binti pekee aliyekuwa anashuka ule mteremko akipiga kengele.

Na kabla ya hapo ni wewe uliyenifundisha, pale Majengo, baada ya swala ya alfajiri kabla watu hawajafungua maduka. Mama alisimama mlangoni ameshika kiuno, "Msichana na baiskeli! Watu watasema nini?" Ukamjibu, "Watasema anajua kuendesha baiskeli." Ukachukua leso yake ya zamani, ile ya rangi ya machungwa, ukanifunga kiunoni, ukashika pindo na kukimbia nyuma yangu. Kila nikiyumba ulivuta. Mama akapiga kelele kwamba unamfunga mtoto wake kama ndama. Nilianguka mara moja tu, siku uliposimama kumsalimia imamu.

Basi huku nilikuwa naenda nayo shule na kurudi. Njia ni mchanga na miiba, baiskeli haina haraka, na wavu wako ule unapiga kelele chwa-chwa-chwa, mtu ananisikia kabla sijatokea. Wanawake waliokuwa wanapalilia ndengu waliinua mgongo wakaita, "Madam wa baiskeli!" Mwingine alinipa kuku nimpelekee dada yake sokoni. Mwingine alinisimamisha tu aniulize kama mvua imenyesha kwetu. Nilikuwa naona wananichelewesha, Mungu anisamehe. Nilikuwa nafika shuleni nikinung'unika kwamba watu wa huku wanaongea sana.

Halafu ikaja ile siku. Mwiba ulinitoboa gurudumu la mbele asubuhi, nikafika nimechelewa, mwalimu mmoja akasema mbele ya wote, "Madam, na mshahara wote huo bado unashindana na wauza maji wa baiskeli? Si ununue hata pikipiki?" Ofisi nzima ikacheka. Nikacheka na mimi. Jioni mwiba mwingine ukatoboa la nyuma. Nikawa naisukuma kwenye mchanga, jua limenikalia kichwani, njaa, kiu, na kile kicheko cha asubuhi bado kinanipigia masikioni. Ndipo nikakutana na Mzee Ireri.

Huyu Mzee Ireri ni mtu wa mbuzi. Anazunguka maboma ya watu akinunua mmoja hapa, mmoja pale, kisha anawapeleka soko la Ishiara. Ni mrefu, mwembamba, kofia yake imekula jua mpaka haijulikani ilikuwa rangi gani. Tulikuwa tunasalimiana tu njiani. Akaniangalia ninavyohangaika akasema, "Madam, hii kitu inakusumbua. Si uniuzie?"

Alisema kama mzaha. Nikasema, "Chukua."

"Nichukue kabisa?"

"Kabisa, mzee. Nimechoka nayo."

Alileta pesa siku hiyo hiyo zimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Akashika usukani, lakini hakuondoka. Alisimama. Akaangalia keria, akaniangalia mimi, akaangalia tena keria. Nilidhani anakagua kama imelegea. Nikamwambia, "Safari njema, mzee," nikaingia ndani nikafunga mlango. Nikajipongeza, ati nimetua mzigo.

Kesho yake nikapanda boda boda. Na hapo ndipo upweke wenyewe ulipoanza, ule wa awali ulikuwa utani. Pikipiki inapita kama imetumwa. Wanawake wa ndengu waliinua mgongo, na kabla hawajafungua mdomo nimeshapita na vumbi langu. Baada ya siku chache wakaacha kuinua mgongo. Nikawa naweza kwenda shule na kurudi wiki nzima bila mtu kuniuliza chochote ila nauli. Jioni nafungua mlango, naweka sufuria, nasikiliza ploti ilivyo kimya. Pale ukutani palipokuwa panaegemezwa baiskeli palibaki alama nyeusi ya usukani. Nilikuwa naiangalia nikila.

Ndipo nikakupigia simu, Baba. Nadhani nilitaka unigombeze. Wewe ukaniuliza kamba.

Nilipokata simu ndipo ikanijia. Nilikuwa mdogo, umenichukua kwenda kununua ng'ombe kule Kibirichia kwa watu wa Mjomba. Baridi, ukungu, mashamba ya viazi kila upande. Wewe kila ukienda kununua ng'ombe ulibeba kamba yako mwenyewe begani, nami nilidhani ni tabia tu, kama watu wengine wanavyobeba mwavuli. Siku hiyo mlikubaliana bei na mama mmoja mjane. Akamfungua ng'ombe wake, akaikunja kamba vizuri, akaiweka kwapani, akaingia nyumbani bila kuangalia nyuma. Nilikuuliza kwa nini hatupi kamba yake na yetu imezeeka. Ukaniambia, "Mama, mtu anauza mnyama, hauzi kamba. Kamba inabaki kwenye boma ndiyo ivute mwingine. Ukiona mtu ameachia mpaka kamba, huyo amefunga boma lake, hafugi tena."

Mimi binti ya mtu wa buchari, niliyekulia kwenye maneno haya, nikampa Mzee Ireri baiskeli na kamba yake juu. Sikufikiria kabisa. Nilikaa kitandani siku hiyo nikajiona nimefunga boma kwa mkono wangu mwenyewe.

Siku ya soko nikaiona. Imeegemezwa kwenye mwembe wa kule kwa wauza mbuzi, imefutwa vumbi, ina kengele mpya inayong'aa. Kwenye keria kuna mbuzi ndani ya gunia, kichwa kimetoka nje, anatazama watu kama abiria aliyelipa. Na amefungwa na kamba yako. Nilisimama pale nikasema, "Habari yako," na Baba, sikuwa nimemwangalia Mzee Ireri. Akanijibu, "Mimi ni mzima. Na hii pia ni nzima." Nikaona aibu, nikanunua nyanya nisizozihitaji, nikaenda zangu.

Kuanzia hapo sikuwa na raha. Nikajiambia, baiskeli imeshakwenda, mwenyewe anaihitaji, na mtu mzima harudishi maneno yake. Lakini kamba? Baba ameuliza kamba, basi angalau nimpatie kamba. Hilo hata Mzee Ireri ataelewa.

Jumamosi moja, wiki chache zilizopita, nikachukua sukari na majani chai, sikwenda mikono mitupu, nikatembea mpaka kwake. Ni mbali. Unavuka mto wa mchanga usio na maji, unapanda mawe, unapita miti ya miiba, ile ile iliyonitoboa magurudumu. Nilifika nimekauka koo. Mkewe, Cucu Ciarunji (huku bibi ni cucu), mama mfupi mwenye sauti kubwa, alinipa uji wa mtama kabla hajaniuliza nimetoka wapi.

Mzee Ireri akatoka nyuma ya nyumba akipangusa mikono. "Madam! Umekuja na miguu?"

"Nimekuja na miguu, mzee."

"Pole. Hiyo ndiyo shida ya kuuza."

Cucu akacheka peke yake. Tukaongea habari za mvua, za shule, za mbuzi walivyopanda bei. Hatimaye akasema, "Sasa sema. Mtu hatembei hii jua yote akuje kusalimia."

"Mzee, nimekuja kuomba kamba."

"Kamba gani?"

Baba, nilihisi uso unawaka moto. Ni maneno yale yale niliyokujibu wewe.

Nikamwambia, "Ile ya mpira, iliyo kwenye keria. Baba yangu ni mtu wa buchari, amenunua ng'ombe maisha yake yote. Nilipomwambia nimeuza baiskeli aliniuliza kama nimebaki na kamba. Sikuwa nimebaki nayo."

Akamgeukia mkewe, akasema neno kwa Kimbeere. Nilipata nusu, na nusu hiyo ilitosha: "Si nilikuambia?" Kisha akaniambia, "Mimi ile siku nilisimama hapo kwako nikikungojea utoe kamba. Hukutoa. Ukaniambia safari njema! Nikakuja hapa nikamwambia huyu mama, ule mtoto ameniuzia kitu na kamba yake. Ama hajui kuuza, ama hajauza. Watu wananiambia toa hii wavu ya nyuma, inapiga kelele. Nikawaambia ngojeni kwanza, hii kitu bado iko na mwenyewe, atakuja kwa kamba."

Akaenda kwenye baiskeli. Akaifungua ile kamba polepole, akaikung'uta manyoya ya mbuzi, akaikunja kama yule mama wa Kibirichia alivyoikunja yake. Akaniletea kwa mikono yote miwili.

"Shika. Hakuna maneno. Ukishika hii tumemalizana. Wewe uko na kamba yako, utapata ingine. Na mimi iko na baiskeli yangu, hakuna mtu ataniuliza."

Ndicho nilichokuwa nimekwenda kuomba, Baba. Nilikuwa nimetembea jua lote lile kwa ajili yake, na sasa kinanyooshwa mbele yangu kwa heshima. Mikono yangu ikakataa. Wallahi ilikataa. Niliirudisha nyuma ya mgongo kama mtoto aliyeambiwa aoneshe kucha. Nikataka kusema asante, badala yake nikaanza kulia, mimi mwalimu mzima, mbele ya watu ambao hata hawajui jina langu.

"Madam, shika kamba yako."

"Siwezi, mzee."

"Si ndiyo uliomba?"

"Ndiyo. Lakini nikiishika itakuwa imeenda kweli."

Akabaki ameinyoosha. Cucu akaweka kibuyu chini. "Ireri, mtoto hataki kamba."

"Sasa anataka nini?"

"Si uko na macho?"

Mzee akakaa kwenye kigogo, kamba mapajani. Aliposema hakuwa anatania. "Na mimi mbuzi nitabeba na nini? Na kichwa? Unajua nilikuwa nikitembea mpaka wapi kabla ya hii? Magoti imeisha." Nikamwangalia, nikaona kumbe naye anaipenda. Alikuwa ameipaka mafuta mnyororo, amefunga kitambaa kwenye kiti. Niliona aibu ya kumnyang'anya mzee wa watu kitu alichonilipia bila kulalamika. Nilikuwa karibu kusema basi, iache, nipe kamba niende. Nilikuwa tayari nimeshaunyoosha mkono.

Cucu ndiye aliyenizuia. Akaniuliza, "Wewe unaenda na baiskeli siku gani?"

"Siku za shule."

"Na wewe, Ireri?"

"Siku ya soko. Na Jumamosi, nikienda kutafuta mbuzi."

"Na mnalilia nini?"

Tulitazamana na mzee tukaona haya sote wawili. Basi ikawa hivyo. Baiskeli imerudi kwangu. Siku ya soko na Jumamosi anakuja kuichukua, jioni anairudisha. Pesa zake zilikuwa bado kwenye sanduku langu ndani ya lile gazeti lake, maana tangu anipe sikupata kitu cha kununua nazo kikajaza ule ukuta. Nimemrudishia vile vile. Aliweka sharti moja: "Kengele ni yangu. Hiyo nimenunua, itakaa hapo na itabaki yangu." Nimekubali. Ni kengele nzuri, ina sauti kuliko yako.

Kisha wakataka nile. Cucu akasema wangenichinjia kuku, lakini wanajua watu wetu hawali wasichochinja, na huku hakuna wa kuchinja. Mzee Ireri akaingia ndani akatoka na kisu, akanipa mimi. "Si umesema wewe ni mtoto wa buchari?" Baba, nilichinja. Nilielekea kibla kwa kukisia jua, nikasema bismillahi, Allahu akbar, na yule kuku akaenda kwa heshima zake zote. Usicheke. Na usimwambie imamu. Au mwambie, nimeshauliza, inaruhusiwa.

Tulipokuwa tunakula Cucu akaniuliza, "Na wewe wa Madam, mama yako alikuita nani?" Nikasema Sauda. Akalirudia polepole, "Sauda," kama mtu anayeonja chumvi. Nikaitika.

Nikarudi nikiendesha. Jua lilikuwa limelegea. Wavu wako chwa-chwa-chwa, kengele ya mzee kring, kring. Kwenye shamba la kwanza la ndengu mama mmoja aliinua mgongo, akaweka mkono juu ya macho, akapiga ukelele: "Uui! Madam wa baiskeli! Ulikuwa umesafiri?"

Nilikuwa hapa hapa, Baba. Muhula mzima nilikuwa hapa hapa, napita mbele yake asubuhi na jioni. Nilimwambia, "Ndiyo, nilikuwa nimesafiri. Nimerudi." Akaniuliza kama mvua imenyesha kwetu. Nikashuka, nikamweleza.

Sitakudanganya kwamba upweke umeisha. Ijumaa bado wenzangu wanapakia mifuko, na yule paka bado si wangu. Kuna jioni natamani hata kelele za Mama na majirani. Lakini siku ya soko jioni nasikia kengele nje, nafungua mlango, Mzee Ireri amekaa kizingitini na vumbi lake anangoja chai. Ananiambia mbuzi walivyouzwa na nani ni mgonjwa. Jana mvua ndogo ilinyesha, nikaiingiza baiskeli ndani ya chumba. Ikanuka nyama. Nilizima taa nikalala na ile harufu, na nikakuona wewe kabisa, na aproni yako.

Nisalimie Mama, umwambie tende zimeisha na asitume nyingine mpaka dawa anywe. Nisalimie Bibi, umpigie kelele sikioni kwamba Sauda anakula vizuri. Salamu kwa kaka yangu pale buchari, mwambie asiwakatie watu mifupa mingi, sifa zake zimefika mpaka huku. Salamu kwa Mjomba wa Kibirichia na mkewe, na viazi vyao. Na Shangazi wa Nkubu, ambaye najua ameshaisoma barua hii mpaka hapa: shikamoo, Shangazi, na ndizi zinauzikaje?

Baba, limebaki jambo moja. Mwezi uliopita Mama alikuwa ananilalamikia kwenye simu. Alisema, "Baba yako amezeeka. Ile leso yangu kuukuu ya machungwa ameitundika buchari, kwenye msumari wa kamba za ng'ombe. Nimemwomba niifanye tambara, hataki. Inakaa tu pale, haifungi kitu." Tulicheka, mimi na Mama. Tulikucheka.

Sasa sicheki. Nimekaa hapa natazama kamba yako ya mpira juu ya keria, na najua ile leso uliyonifunga kiunoni inafanya nini kwenye ule msumari wa kamba. Shule ikifungwa nitakuja. Usimruhusu Mama aitoe.

Na lile swali lako: ndiyo, Baba. Kamba ninayo.

Mimi mwanao, unayemwita Mama,
Sauda.